Namna ya Kuitazama Filamu ya Mon Oncle ya Jacques Tati

Mtu aliyezoea vichekesho vya maneno, vile ambavyo mwigizaji hutamka jambo na wasikilizaji wakaangua kicheko papo hapo, anaweza kuitazama filamu ya Mon Oncle, yaani "Mjomba Wangu", kwa dakika 20 kisha akaizima, akiamini kwamba hakuna lolote lililotokea. Kumbe katika dakika hizo kundi la mbwa limekwisha kuvuka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine na kutuonyesha miji miwili isiyofanana, mke amekwisha kufuta vumbi hata kwenye gari ambalo mumewe anaondoka nalo, na mfagizi wa mtaa amekwisha kujiandaa mara kadhaa kuzoa rundo lake la takataka bila kulizoa. Yote hayo yamepita mbele ya macho ya mtazamaji, ila hakuna aliyemnyoshea kidole na kumwambia, "Hapo ndipo pa kucheka."

Mwongozo huu ni kwa ajili ya msomaji anayetaka kuitazama filamu hiyo ya Kifaransa ya mwaka 1958 na kuipata yote, iwe peke yake, pamoja na watoto, au katika kikundi cha wapenzi wa filamu. Ningependa ashike jambo moja kuu tangu mwanzo: asimfuate mwigizaji mkuu peke yake, bali avitazame vitu vilivyomo katika picha, na atazame jinsi watu wanavyovitumikia vitu ambavyo vilinunuliwa viwatumikie wao. Ucheshi wa filamu nzima unatoka hapo, na huruma yake pia.

Chagua nakala inayofaa

Jacques Tati, mwongozaji wa filamu hii, aliitengeneza katika matoleo mawili. La kwanza ni la Kifaransa, lenye urefu wa karibu dakika 117. La pili ni la Kiingereza, lililopewa jina la My Uncle, ambalo ni fupi kwa takriban dakika 10, na ambamo baadhi ya maandishi ya mabango na sehemu ya mazungumzo vilibadilishwa kwa ajili ya watazamaji wa nje. Ninapendekeza toleo la Kifaransa bila kusita, hata kwa mtu asiyejua neno moja la lugha hiyo. Mazungumzo ni machache, mengi yake yanasikika nusunusu kama maneno ya watu wanaopita dirishani, na maana hubebwa zaidi na mwendo wa mwili kuliko maneno yenyewe. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura ambaye amesoma Kifaransa shuleni atadaka vijembe viwili vitatu ambavyo wengine hatutavidaka, lakini hatatuacha mbali sana.

Ukipata nakala yenye maandishi ya tafsiri chini ya picha, itumie kwa kiasi. Macho yanayoganda chini ya skrini kusoma salamu za "karibu, karibu sana" yatakosa kinachotendeka bustanini, nacho ndicho chenye thamani. Shauri langu ni kuyaacha maandishi hayo yaonekane mara ya kwanza na kuyazima mara ya pili, kwa sababu filamu hii inastahili kutazamwa mara mbili.

Jambo la pili ni umbo la picha. Filamu ilipigwa kwa picha inayokaribia mraba, si pana kama zilivyo za leo, kwa hiyo kwenye runinga ya sasa utaona mapande meusi kushoto na kulia. Yaache yawepo. Runinga nyingi zina mpangilio unaoitanua picha ijaze kioo chote, na mpangilio huo ama huwafanya watu wote waonekane wafupi na wanene, ama hukata sehemu ya juu na ya chini ya picha. Na humo mwenye filamu ameficha mengi, kwa maana chumba cha Hulot, mhusika mkuu, kiko juu kabisa ya jengo, na mbwa wako chini kabisa barabarani.

Kuhusu ukubwa wa skrini sina la kulegeza: simu haifai. Tati alipenda kuiweka kamera mbali na watu, akawaonyesha wakiwa wazima kuanzia kofia hadi viatu, na mara chache sana akausogelea uso. Kichekesho chake kinaweza kuwa mtu mdogo aliyesimama pembeni akigeuza shingo, na kwenye simu mtu huyo ni mdogo kuliko punje ya mchele. Tumia runinga kubwa kadiri unavyoweza kuipata, au azima projekta na utundike shuka jeupe ukutani. Nakala iliyosafishwa upya, ambayo usimamizi wake umo mikononi mwa kampuni ya Les Films de Mon Oncle iliyoanzishwa ili kuzitunza kazi za Tati, ina rangi zilizorudishwa vizuri. Hili si pambo. Katika filamu hii rangi ni sehemu ya hoja: nyumba ya kisasa ni nyeupe na ya kijivu, ikipigwa hapa na pale na rangi kali za samani, ilhali mtaa wa zamani ni wa kahawia na manjano iliyokolezwa na jua, na nakala chakavu huzichanganya dunia hizo mbili zikawa moja.

Mambo machache ya kujua kabla ya kuanza

Hadithi ni nyepesi, nami naweza kuieleza bila kuiharibu. Bwana Hulot, ambaye Tati anamwigiza mwenyewe, anaishi katika chumba kimoja juu ya jengo la kale, kwenye mtaa wenye soko, baa na watu wanaobishana kwa furaha. Dada yake ameolewa na Bwana Arpel, mkurugenzi wa kiwanda cha plastiki kiitwacho Plastac, nao wanaishi katika nyumba mpya ya kisasa, yenye swichi na mitambo kila kona. Mtoto wao wa kiume, Gérard, amechoshwa na usafi wa nyumba hiyo, na saa zake za furaha ni zile anazokuwa na mjomba wake. Baba anaona wivu, mama anataka kaka yake apate kazi na mke, na jitihada zao za kumtengeneza Hulot ndizo zinazoiendesha filamu.

Tati alizaliwa mwaka 1907 huko Le Pecq, karibu na Paris, kwa jina la ukoo la Tatischeff, kwa maana babu yake upande wa baba alikuwa Mrusi. Alicheza raga ujanani, kisha akaingia kwenye kumbi za burudani akiwaigiza wanamichezo kwa vitendo bila maneno: mcheza tenisi, mlinda mlango, mpanda farasi na farasi wake kwa pamoja. Ukijua hilo utaelewa kwa nini anamjenga mtu kwa magoti na mgongo. Mtazame Hulot anavyotembea: suruali fupi inayoonyesha soksi, koti la mvua, kofia, kiko mdomoni, na mwili ulioinama mbele kana kwamba anakaribia kuomba radhi kwa kosa ambalo bado hajalitenda. Mhusika huyo alikuwa amekwisha kupendwa tangu filamu ya likizo ya pwani ya mwaka 1953, na Mon Oncle ndiyo iliyokuwa filamu ya kwanza ya Tati kufika kwa watazamaji ikiwa ya rangi.

Lililo muhimu zaidi kulijua ni hali ya Ufaransa ya wakati ule. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeacha miji iliyobomoka na uhaba mkubwa wa nyumba. Katika sensa ya mwaka 1954, takriban nyumba moja tu kati ya kumi nchini humo ilikuwa na bafu la kuogea. Kwa hiyo filamu ilipotoka mwaka 1958, jokofu, mashine ya kufulia na jiko la umeme vilikuwa ndoto za familia za kawaida, na kila mwaka watu walimiminika Paris kwenye maonyesho makubwa ya vyombo vya nyumbani kutazama maisha ambayo wangeyaishi iwapo mshahara ungeruhusu. Wakati huohuo serikali na wajenzi walikuwa wakivunja mitaa ya zamani na kuinua majengo ya zege. Mtazamaji asiyekumbuka hayo atadhani kwamba filamu inawacheka matajiri tu. Ukweli ni kwamba ilikuwa inazungumza na watu waliokuwa wakitamani kuwa akina Arpel, na ilizungumza nao kwa upole kiasi kwamba walikwenda kuitazama na kuipenda. Tamasha la Cannes liliipa tuzo maalumu ya majaji mwaka huo wa 1958, na mwaka uliofuata ikapata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Nyumba ya akina Arpel haikuwa nyumba ya mtu. Ilijengwa kwa ajili ya filamu katika studio za Victorine mjini Nice, kwa michoro ya mchoraji Jacques Lagrange, rafiki na mshirika wa Tati katika uandishi, ambaye aliikusanya kwa kukata na kubandika vipande vya picha kutoka magazeti ya usanifu majengo. Ndiyo maana inaonekana kama nyumba ambayo kila kipande chake kimetoka katika tangazo tofauti. Mtaa wa Hulot nao ulipigwa picha Saint-Maur-des-Fossés, pembezoni mwa Paris.

Zoeza macho kutangatanga

Sasa keti utazame. Sekunde za mwanzo kabisa zinakupa funguo zote, kwa hiyo usizipoteze kwa kutafuta kiti: majina ya watengenezaji yameandikwa kwenye vibao vya eneo la ujenzi huku mashine ya kutobolea mawe ikipiga kelele, halafu ghafla tunahamia kwenye ukuta wa kale ulioandikwa jina la filamu kwa chaki, na muziki unaanza. Kisha mbwa wanatokea, mmoja wao akiwa amevishwa koti dogo. Huyo mwenye koti ni mbwa wa akina Arpel aliyetoroka kwenda kuchakura takataka na wenzake. Wafuate mbwa hao. Wanapita kwenye pengo la ukuta uliobomoka, na pengo hilo ndilo mpaka kati ya dunia mbili. Utaliona tena na tena, na kila mara Hulot anapolivuka litazame kwa makini. Kuna wakati analiangusha tofali moja kwa bahati mbaya, naye analiokota na kulirudisha mahali pake kwenye gofu hilo, kwa heshima ileile ambayo mtu angeirudisha picha iliyoanguka ukutani. Hakuna maelezo yanayoambatana na tendo hilo. Kwangu mimi ndilo linalomweleza Hulot kuliko tendo lingine lolote.

Zoezi zuri la kwanza ni pale Hulot anapopanda kwenda chumbani kwake. Kamera imesimama ng'ambo ya kiwanja na haisogei. Tunamwona akiingia mlangoni, akipotea, akijitokeza katika dirisha, akishuka ngazi ambazo hatukuzitarajia, akionekana miguu tu, akipotea tena, hadi afike juu. Mwongozaji mwingine angekata picha na kumfikisha chumbani kwa sekunde mbili. Tati anakuacha umsubiri, ukisie dirisha litakalofuata, na taratibu unagundua kwamba umecheka kwa sababu ya jengo, si kwa sababu ya mtu. Akifika juu anafungua dirisha, na mwanga wa jua unaoakisiwa na kioo unamwangukia ndege kwenye tundu lililo ng'ambo, naye ndege anaimba. Hulot analirekebisha dirisha mpaka wimbo uwe sawasawa. Hiyo ndiyo teknolojia ya nyumbani kwake, na haikununuliwa.

Kutoka hapo endelea na zoea hilo kwa kila picha: ukishamwona mtu wa katikati, peleka macho pembeni, halafu nyuma, halafu chini. Mfagizi na rundo lake yuko huko nyuma. Wavulana wanaojificha kilimani wako huko juu, wakipiga mluzi ili mpita njia ageuke na kujigonga kwenye nguzo ya taa, huku wao wakiwekeana dau. Mchezo huo wa mluzi uweke akilini, kwa maana utarudi kwa namna ambayo sitaieleza hapa.

Sikiliza kama anayesikiliza redio

Karibu sauti zote za filamu hii ziliwekwa baada ya picha kupigwa, moja baada ya nyingine, na kila moja ilichaguliwa. Kwa hiyo usiweke sauti chini kwa kudhani kwamba hakuna mazungumzo ya kufuatilia. Sikia viatu vya Bibi Arpel vinavyogonga sakafu kwa haraka. Sikia mtetemo wa mashine za jikoni mwake, mahali panapofanana zaidi na chumba cha daktari wa meno kuliko mahali pa kupikia. Sikia mashine zinavyonguruma kiasi kwamba watu hawasikilizani. Anapowazungusha wageni ndani ya nyumba, mama huyo hurudia kwa fahari kwamba kila kitu nyumbani kwake kinawasiliana, akimaanisha kwamba vyumba vimefunguka kimoja kwa kingine. Baada ya kuisikia sentensi hiyo, hesabu mwenyewe ni mara ngapi katika nyumba hiyo mtu anasema jambo na mwingine akalijibu.

Halafu linganisha na mtaa wa Hulot, ambako muziki mwepesi wa Franck Barcellini na Alain Romans unarudi kila mara pamoja na makelele ya soko na mabishano yasiyokwisha. Jaribu jambo hili ukitazama mara ya pili: fumba macho kwa dakika moja filamu inapohama kutoka sehemu moja kwenda nyingine, nawe utajua uko wapi kwa masikio pekee.

Katika jiko hilohilo la dada yake, Hulot anabaki peke yake na kuangusha jagi ambalo, kwa mshangao wake, linadunda kama mpira. Anafurahi. Analijaribu tena, kisha anachukua glasi na kuijaribu nayo, ikavunjika. Sikiliza sauti mbili hizo zikifuatana, kwa kuwa kichekesho kizima kimo katika tofauti yake. Si dhihaka ya kitu kipya. Ni mtu anayejaribu kwa nia njema kujifunza sheria za dunia ambayo vitu vyake vimeacha kutenda kama vilivyokuwa vikitenda.

Mfuatilie samaki

Ukiwa na muda wa kufuatilia jambo moja tu katika filamu hii, mfuatilie samaki wa chuma aliyesimama wima katikati ya bustani ya akina Arpel, akitema maji juu. Kengele ya geti ikilia, Bibi Arpel hukimbilia swichi na kumwasha kabla ya kufungua. Mgeni wa maana akiingia, maji yanaruka. Akigundua kwamba aliyekuja ni kaka yake tu, au mumewe, au mtu aliyeleta mzigo, anamzima, na maji yanashuka kwa mlio wa kukoroma.

Tazama kila mara samaki huyo anapowashwa na kuzimwa, na baada ya muda utakuwa na orodha kamili ya watu wenye thamani na wasio na thamani machoni pa nyumba hiyo, bila mtu yeyote kuitamka. Katika nyumba nyingi za kwetu kuna vyombo vya kabatini ambavyo wenye nyumba hawavitumii kamwe, vinavyosubiri mgeni. Kwa hiyo mtazamaji wa huku hatahitaji kufafanuliwa sana ni kitu gani Tati anakigusa. Lakini angalia jinsi anavyokigusa. Bibi Arpel si mwovu. Anamkimbilia samaki kwa wasiwasi wa mtu anayetaka kupokea watu vizuri, na kila mara swichi inamchelewesha kidogo kuwapokea.

Bustani yenyewe isome kwa njia hiyohiyo. Njia ya vigae kutoka getini hadi mlangoni imepindapinda kwa ajili ya uzuri, na kwa hiyo watu wawili wanaotaka kukumbatiana wanalazimika kwanza kuzunguka huku na huku wakiwa wamenyoosha mikono. Kokoto za rangi hazikanyagwi. Viti ni vya kutazamwa. Hulot atakapoupata usingizi mzuri katika nyumba hiyo, itakuwa baada ya kulilaza kochi kwa ubavu wake. Usiku, madirisha mawili ya mviringo ya ghorofani yanawaka taa, vichwa vya mume na mke vinatokea katikati yake, na nyumba nzima inakuwa uso wenye macho yanayogeuka kushoto na kulia. Ni picha iliyonukuliwa mno, lakini ukiiona ndani ya filamu, baada ya saa nzima ya kuishi na nyumba hiyo, utahisi kwamba hatimaye umetambulishwa kwa mwenye mji halisi.

Sherehe ya bustanini ndiyo sehemu ndefu kuliko zote, na ndipo watu hukosa uvumilivu. Usiiharakishe. Wageni wamealikwa, Hulot ameitwa akutanishwe na jirani ambaye mavazi yake yamemfanya adhaniwe kuwa muuza mazulia, na kila mmoja anajitahidi kukanyaga mahali panaporuhusiwa. Kisha Hulot, bila kukusudia, anatoboa bomba lililo chini ya ardhi. Kuanzia hapo fuata maji, si mtu. Maji yanatokea yasipotakiwa, samaki anashindwa kazi yake, meza zinahamishwa na wageni wenyewe wakiwa wamebeba vyombo juu ya vigae vyembamba, na ofisa wa kiwanda aliyekuja kwa heshima zote anaishia kuchimba udongo. Angalia jambo la ajabu: kadiri sherehe inavyoharibika, ndivyo watu wanavyoanza kusaidiana na kucheka kwa kweli.

Usiwafanye akina Arpel kuwa maadui

Hili ndilo kosa ambalo ningependa sana msomaji alikwepe. Ni rahisi kuitazama filamu hii kama hukumu: cha kale ni chema, kipya ni kibaya. Baadhi ya wahakiki wa Ufaransa waliisoma hivyo na kumlaumu Tati kwamba anaupinga wakati ujao. Yeye alieleza mara kwa mara kwamba hakuwa na ugomvi na usanifu wa kisasa, bali na matumizi yake, na filamu yenyewe inamtetea. Mtaa wa Hulot hauoneshwi kama pepo. Muuza maandazi ambaye watoto wanampenda ana mikono michafu, mfagizi hafagii, na hakuna anayekwenda kwa wakati. Nyumba ya akina Arpel kwa upande wake ina watu wanaopendana, ila mapenzi yao yamepitia dukani kabla ya kufika.

Dalili nzuri ni mlango wa gereji unaojifungua wenyewe, zawadi kati ya mume na mke katika kumbukumbu ya ndoa yao. Wamesimama ndani wakiifurahia, mbwa wao anapita mbele ya kifaa kinachohisi, mlango unafunga, nao wamenaswa. Wanamwomba mtumishi wao Georgette abonyeze kitufe, lakini anaogopa kupigwa na umeme. Cheka, lakini angalia pia kwamba ni mojawapo ya nyakati chache ambazo mume na mke hao wako mahali pamoja wasiwe na la kufuta wala la kuonyesha. Nina hakika kwamba Tati aliwapenda. Mtengeneza filamu asiyewapenda wahusika wake hawapi nafasi ya aina hiyo.

Mwangalie Bwana Arpel hasa. Anataka mwanawe amkimbilie kama anavyomkimbilia mjomba, na hajui afanyeje. Anamletea kitu kipya, mtoto anakipokea kwa adabu na kurudi kukaa. Shauku hiyo ya baba ndiyo uzi wa chini unaoifunga filamu, na dakika za mwisho, zinazotokea kwenye uwanja wa ndege, zinakuwa nzito kwa aliyeufuata uzi huo na tupu kwa aliyekuwa akimngoja Hulot pekee. Zikifika, mtazame Gérard na mkono wake.

Kuitazama pamoja na watu wengine

Filamu hii huwa hai zaidi katika kundi, kwa sababu kila mtu huona kona yake. Ukumbini utasikia kicheko kikianza upande mmoja na kuwafikia wengine baadaye, wanapogundua kilichoonwa. Vituo vya Alliance Française vya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ni mahali pa kuulizia maonyesho ya filamu za aina hii, lakini ukumbi wa shule au sebule yenye projekta unatosha.

Kwa watoto wa kuanzia miaka saba au minane haina tatizo, na mara nyingi wao ndio watazamaji bora, kwa kuwa hawajazoea kuambiwa waangalie wapi. Wagawie kazi kabla ya kuanza: mmoja amlinde samaki, mwingine mbwa, mwingine mfagizi, na mwishoni kila mmoja aeleze habari za wake. Wakichoka wakati wa tukio la kiwandani, ambapo Hulot anasinzia na mpira wa maji unatoka mashineni ukiwa na mafundo kama soseji, hawatachoka tena.

Kwa watu wazima, mazungumzo baada ya filamu yaanzie kwenye kitu, si kwenye wazo. Ukiuliza, "Filamu inasema nini kuhusu maendeleo?" utapata hotuba. Uliza badala yake: ni chombo gani nyumbani kwako unachokitumikia? Ni kipi ulikinunua kwa ajili ya wageni? Ni wapi watoto wako hukimbilia wakiruhusiwa kutoka? Majibu yatakuja yenyewe, na yatakuwa ya kweli zaidi.

Ukitaka kuendelea na Tati baada ya hapo, rudi kwanza nyuma kwenye filamu ya 1953 ya Hulot pwani, Les Vacances de Monsieur Hulot, ili umjue kabla ya mji kumfikia. Kisha ndiyo uende kwenye Playtime ya mwaka 1967, ambayo aliipiga kwa filamu pana ya milimita 70 na kuijengea mji mzima wa bandia nje ya Paris, kwa gharama iliyomwingiza katika madeni na kumfilisi. Humo hakuna tena mtaa wa zamani. Paris yote imekuwa vioo, na Hulot amepotea katikati ya umati bila picha kumtafuta. Usianze nayo. Inadai macho ambayo tayari yamezoezwa kutangatanga, na inadai skrini kubwa kuliko zote utakazoweza kuzipata, hata ikibidi kusubiri tamasha liilete karibu nawe.